Mpira wa Gesi, Siku ya Makambi

Kazi yangu mjini Kisii ni kusikiliza lawama. Karakana yetu hugeuza magari ya mizigo kuwa magari ya kulala, yenye kitanda, meza ya kukunja na jiko la gesi, na mwenye gari lenye kasoro huletwa kwangu. Paa likivuja au mlango ukikataa kufunga, nampoza mwenye gari kwa chai, kisha naenda kugombana na mafundi, ambao dawa yao ya kila ugonjwa ni kuongeza gundi. Ulimi ninao. Ndiyo maana inaniuma kwamba siku ulipohitajika kweli, niliufungia ndani.

Ijumaa moja, nikifunga ofisi, ikaja taarifa kutoka kwa waliotuuzia mipira ya gesi, ile inayounganisha mtungi na jiko. Shehena moja ilikuwa mbovu, mipira yake ilipasuka penye kiungio, na jiko lisiwashwe hadi ibadilishwe. Nikapekua faili. Gari lililofungwa mpira wa shehena hiyo lilikuwa moja tu, la mwalimu mstaafu wa Sironga, mama aliyenifundisha hesabu darasa la nne. Alilinunua ili asilale tena kwenye sakafu za madarasa wakati wa makambi, mikutano yetu Waadventista ya kila mwaka. Magoti yake yalikuwa yamechoka.

Nilipiga simu, ikawa imezimwa. Jua lilikuwa linatua, na Sabato ikiingia mambo ya biashara kwetu hulala. Nikajiambia nitamwona kesho makambini.

Nilimwona kweli. Tuliketi benchi moja tangu asubuhi, tukaimba kutoka kitabu kimoja cha nyimbo. Ile taarifa ilinizunguka kichwani mchana kutwa. Lakini mambo ya karakana ni kazi, na nililelewa nikijua kazi haitajwi Sabato. Tena nilikuwa nimepiga hesabu: Mwalimu ni mtu wa msimamo, chakula chake hupikwa Ijumaa, moto hawashi hadi Sabato iishe. Jua likitua nitamwambia. Niliona hesabu hiyo haina kosa, hata yeye angeitia tiki.

Jua lilitua tukiwa katika sala ya kufunga Sabato. Mzee wa kanisa aliyeomba alikuwa na mengi ya kumweleza Mungu. Mwalimu, mwenye kiu ya chai tangu jana yake, hakungoja amina. Nilipofumbua macho, nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu. Nilikimbia, na kabla sijalifikia gari lake nikasikia mlipuko.

Alipona, ila mkono wa kulia ulikunjamana na vidole havinyooki. Hospitalini nilimweleza yote, hata habari ya benchi. Akaniuliza:

"Ng'ombe yangu ikiingia kwa mahindi yako siku ya Sabato, huwezi niita?"

"Nitakuita, Mwalimu."

"Sasa mimi?"

Siku hizi taarifa kama ile ikija napiga simu hata katikati ya hubiri, na anayetaka kunikemea anikemee. Najuta, na majuto hayanyooshi vidole.

Mwalimu bado huja makambini. Huketi benchi lile lile kando yangu, na tukianza kuimba, mimi ndiye ninayemfungulia kurasa.