Wavu Niliouacha Wazi Msituni

Niliondoka Makongeni, mtaa wetu wa Nairobi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nilikuwa nimemaliza diploma ya wanyamapori na kukaa miaka miwili bila kazi, na kila jirani aliyenikuta nikianika nguo aliniuliza, "Zubeda, bado uko nyumbani?" Baba, ambaye hushona viatu vya ngozi katika soko la Kariokor, ndiye aliyekuwa akinijibia kwamba mambo yanakuja. Basi yalipokuja, kazi ya msimu mmoja ya kuchunguza ndege wa msituni kule milima ya Taita, mtaa ulijua kabla sijatafuta begi.

Asubuhi ya kuondoka, rafiki yangu Akinyi alinisindikiza hadi barabarani akinicheka njia nzima. "Niaje wewe, kwani makorongo wa jalala la Dandora hawakutoshi? Wako huko wamejaa, unawaona bure!" Nilicheka kwa majivuno. Nilijiona mtaalamu tayari, na nilikuwa sijawahi kushika ndege hata mmoja isipokuwa kuku.

Treni ilinishusha Voi mchana, kwenye joto la kukausha koo. Kutoka hapo gari lilipanda mlima kona baada ya kona, na kila kona hewa ilizidi kuwa baridi hadi nikavaa sweta. Jioni nilikuwa nimeketi jikoni kwa Mama Mghoi, mwenyeji wangu, nikinywa chai ya tangawizi. Mama Mghoi alikuwa amefanya kazi ya nyavu kila msimu tangu ujana wake. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na binti mmoja, Mghoi, wa darasa la sita, ambaye usiku huo huo aliniuliza kama Nairobi kuna ndege.

Kazi yenyewe ni hii. Nyavu nyembamba husimamishwa kwa fito katikati ya miti, ndege hunasa, nawe unamtoa, unampima, unamvisha pete ndogo mguuni na kumwachilia. Jioni kila wavu hukunjwa na kufungwa kwa vitambaa, maana ndege akinasa wavuni na kukaa humo muda mrefu hufa kwa baridi au kwa kujichosha. Siku ya kwanza msimamizi wetu, tuliyemwita Daktari, alisema neno moja tu kuhusu hilo: anayeacha wavu wazi hagusi tena wavu wowote.

Wiki za mwanzo Mama Mghoi ndiye aliyenifundisha. Vidole vyake vilifungua nyuzi kama mtu anayesuka nywele kinyumenyume. "Anza na miguu, mwanangu," aliniambia. "Ukianza na kichwa utamnyonga." Nilijifunza pole pole, na yeye hakunikemea hata ndege aliponiponyoka mikononi kabla hajapimwa. Kila mmoja wetu alikuwa na nyavu zake tano za kufunga, tulizogawana wenyewe.

Wiki ya saba, jioni moja, mvua ilianza kunyesha nikiwa nimefunga nyavu nne. Wavu wa tano ulikuwa ng'ambo ya kijito. Njiani kulikuwa na jiwe kubwa ambapo simu hushika mtandao, nikasema nisimame dakika mbili nimtumie mama yangu kule Makongeni picha zangu nikiwa nimeshika ndege, awaonyeshe majirani. Picha zilipokwenda, pongezi zikaanza kumiminika, nami nikaanza kujibu moja moja. Nilipoinua kichwa giza lilikuwa linaingia. Nikashuka moja kwa moja nyumbani, na wavu wa tano ulinitoka akilini kabisa.

Kulipopambazuka tulifika kwenye kijito, Daktari akiwa mbele. Wavuni walikuwa ndege watatu wadogo wa kijani, wale wenye duara jeupe kuzunguka jicho, wamekufa, wamelowa na kukakamaa. Mmoja alikuwa na pete. Mama Mghoi aliisoma namba akasema kwa sauti ya chini, "Huyu nilimvisha mwenyewe."

"Wavu huu ulikuwa wa nani?" Daktari aliuliza.

Mama Mghoi alinitazama. Alinipa nafasi ya kusema. Nami, niliyesoma, niliyepigwa picha, nilifungua kinywa nikasema, "Ulikuwa wa Mama Mghoi."

Alishtuka, nikamwona alivyoshtuka. Akasema, "Si kweli, Daktari," mara moja tu. Daktari alimtazama yeye, akanitazama mimi na daftari langu lililoandikwa vizuri, akaniamini. Asubuhi hiyo hiyo Mama Mghoi alirudi nyumbani bila kazi.

Mimi nilibaki hadi mwisho wa msimu, na nililala kwake. Sijui niwaelezeje aibu hiyo. Kila asubuhi nilikuta maji ya moto mlangoni. Nilikula ugali wake nikiangalia sahani. Sikuwa na mahali pengine pa kulala, nilijiambia, lakini ukweli ni kwamba kuhama kungekuwa kukiri. Siku ya kuniaga alimbeba kuku hadi bondeni kwa jirani Mwislamu amchinje, ili niweze kula. Nililia nikila, na yeye akadhani, au akajifanya kudhani, kwamba nasikitika kuondoka.

Nilipofika Makongeni nilipokelewa kama bibi harusi. Baba alikuwa ameonyesha picha zangu kwa kila mteja aliyekuja kupima kiatu. Nilichukia kila picha. Wiki iliyofuata Daktari aliniandikia: msimu ujao nirudi, na tena, je, ninamjua mtu anayefaa kushika nafasi ya Mama Mghoi?

Nilimpigia hapo hapo kabla moyo haujapoa, nikamweleza kila kitu, hadi ile simu juu ya jiwe. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nafasi yake nitamrudishia. Yako imekwisha." Nilijihisi mwepesi. Nilikuwa nimejifunza, nikawaza, kwamba kusema kweli hakuui. Nilijisifu mapema mno.

Kesho yake nikampigia Mama Mghoi. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Daktari ameniambia. Nilijua tangu siku ile, nilikuona juu ya jiwe. Kazi nimerudishiwa, nashukuru. Lakini Zubeda, shuleni wanamwita Mghoi mtoto wa muua ndege. Nimemweleza kwamba si mimi, ananijibu kwamba dada Zubeda hasemi uongo. Huyu hapa."

Kabla sijasema lolote, simu ilikuwa mkononi mwa mtoto.

"Dada, shikamoo! Unarudi lini?"

"Marahaba. Mghoi, nisikilize. Mama yako hakuwaua wale ndege. Wavu ulikuwa wangu. Nilimsingizia."

Nilisikia jogoo wao akiwika huko uani.

"Na bado ulikuwa unakula kwetu?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo.