Mtani na Dawa za Nyonga ya Bibi

Bibi yangu, mzaa mama, ana nyonga ya chuma. Aliteleza kwenye shamba lake la maharage huko Uluguru, wakampasua wakamwekea, na baada ya muda mshono ukaanza kutoa usaha. Akalazwa, akasafishwa, akachomwa sindano mpaka akasema amekuwa chujio. Kisha akaletwa kwetu mjini, Kihonda, na dawa za kumeza za miezi mitatu. Mama alizipata kwenye duka la dawa la mtu binafsi. Siku hizi maduka hayo yamejaa, si kama zamani uliporudi nyumbani na cheti cha daktari mkononi, bila dawa.

Daktari alimwambia mama mbele yangu, "Wadudu wameng'ang'ania kwenye chuma. Akikatisha dawa, wanarudi. Wakirudi tunakitoa, na sijui kama atatembea tena."

Bibi alitaka kitu kimoja tu: kupanda mlima kwa miguu yake, arudi kwake.

Kazi ya kumpa dawa nikapewa mimi kwa sababu siendi popote. Wageni wakija huwa najificha jikoni, hilo nyumbani wanalijua. Lakini na Bibi nilikuwa naongea. Vidonge vyekundu viligeuza mkojo wake rangi ya chungwa, akaniita, "Njoo uone, nakojoa soda!" Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza.

Siku moja akaja mtani wake, mzee wa ukoo tunaotaniana nao kule mlimani. Alikuwa ameteremsha ndizi sokoni. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ndogo, nikarudi jikoni.

"We bibi kizee, hujafa tu? Nimekuja kuchukua chuma changu, nikatengeneze jembe!"

"Litakukata mguu wa pili, mwizi wewe!"

Mguu wake ulikuwa na kidonda cha jembe kweli. Akaona kapsuli za Bibi mezani, akachota konzi nzima. Alitaka kuzifungua, anyunyize unga kwenye kidonda, kama wafanyavyo wengi. Bibi hakumzuia. Mtani akichukua kitu, kwetu hukasiriki wala hunyang'anyi. Niliona uso wa Bibi, nikajua ataziacha ziende.

Ila mtani wa Bibi ni mtani wangu pia, nami naweza kumchukulia chake. Ukoo kwetu unafuata mama, na mimi ni wa ukoo wa Bibi. Sikuwahi kumtania mtu mzima maishani. Nikatoka jikoni.

"We mzee mwenye masikio ya popo," nikasema, "unaiba dawa za mgonjwa? Zirudishe, la sivyo nachukua kofia yako nifugie kuku!"

Nikaipokonya kofia kichwani. Nikataka ardhi inimeze.

Mzee akaangua kicheko. "Kumbe hili bubu lina mdomo!" Akafungua kiganja, kapsuli zikarudi zote. Bibi alikuwa anacheka huku ameshika nyonga, machozi yanamtoka. Nikamwosha mzee kidonda kwa maji ya chumvi, mama akampeleka zahanati. Alituachia mkungu wa ndizi, na kofia nikamrudishia.

Dawa zimekwisha na mshono umekauka. Jumamosi nilimsindikiza Bibi kwake. Alitangulia na fimbo yake, mimi nyuma nikihema na mzigo. Kwenye kona ya kwanza akasimama kunisubiri.

"Wewe ndiye mwenye chuma au mimi?"

Nilitaka kumjibu kwa utani, lakini nilikuwa nalia kidogo, nikajifanya ni jasho.