Kochi la Watu Watatu

Kochi la kuchongwa la tata, baba yangu Karugendo, sasa liko nyumba ya makumbusho, limezungushiwa kamba. Vijana wa pale waliniuliza lilitoka wapi, nikawajibu: Amerika. Habari za mama hawakuziuliza, basi naziandika mwenyewe. Nilisoma hadi darasa la nne Kashozi, na darasa la nne la wakati ule lilikuwa darasa.

Mama aliitwa Benigna. Aliolewa Muleba na tata, seremala wa daktari mmoja Mmarekani wa misheni. Kochi huyo daktari alilirithi kwa bibi yake, nalo lilikuwa la mahogani, mgongoni limechongwa zabibu, miguu kama ya simba. Lilivuka bahari, likapanda treni hadi Kisumu, kisha meli ya ziwani hadi Bukoba, likafika limevunjika mguu. Tata akalichongea mguu wa omushambya, mti wa kwetu. Kila jioni alimwona daktari na mkewe wamekaa hapo bega kwa bega, wakinywa chai, naye akatamani kukaa hivyo na mama.

Mwaka 1951 daktari alirudi kwao, akamwachia tata kochi. Hapo tata akakosea, kosa la Mhaya mwenye kujisikia. Badala ya kuliingiza ndani kimya kimya, aliwaita wazee wa ukoo, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanyweka, wakamkalisha juu yake kama kiti cha mwenye mji. Na kiti kikishafanyiwa hivyo, hakikaliwi na mwingine mpaka mwenyewe afe na mrithi akalishwe. Kukikalia mapema ni kumtakia kifo.

Basi tata akakaa peke yake juu, mama na sisi watoto chini kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Jirani yetu Kaijage alimtania, "Karugendo, hao wawili uliokaa nao mbona hawatusalimii?"

Miaka ikaenda, mama akaanza kuumwa mgongo, akawa anainuka kwa kushika ukuta. Tata akamsihi apande. Akakataa. Tata akawaendea wazee wamwondolee ule mwiko, wakamwambia neno lao halirudi nyuma. Akamchongea kigoda; mama akashukuru, akakipeleka jikoni. Mbele ya mumewe aliendelea kukaa chini.

Siku moja tata aliteremka, akakaa kwenye nyasi kando yake.

"Kama hupandi, Mama Jovita, mimi nimeshuka."

Mama hakucheka. Aliutazama mlango.

"Panda, Baba Jovita. Wakikukuta huku watasema nimekuloga. Nitaficha wapi uso wangu?"

Tata akapanda.

Mama alifariki wakati wa mvua za vuli, mwaka 1958. Matanga yakaisha, waombolezaji waliolala chini wakarudi makwao na kwenye viti vyao. Tata hakurudi kwenye chake. Alikaa kwenye nyasi, pale pale mama alipozoea, kochi likiwa tupu nyuma yake, na hapakuwa na mtu tena wa kumwambia apande.