Ja, Gut, na Samaki wa Mto Themi

Jamani, nichekeni tu, nimestahili. Nilikuwa nimejitapa kwa mama mkwe kwamba najua Kijerumani, ndipo akanipa binti yake. Kumbe nilijua maneno mawili: ja na gut.

Kwa hayo mawili nikapata kazi ya ukalimani. Siku ya kwanza tu, Wajerumani wawili waliokuja kuutazama mlima Meru wakaingia na viatu mtoni Themi, wakavua samaki pale pale tunapoteka maji. Kwetu samaki ni ndugu wa nyoka, haliwi.

Mama mkwe akatokea na kibuyu chake, amefura. "Mkwe, waambie watoke! Nyoka wao wakawavulie kule chini!"

Nikamkunjia uso mgeni mmoja, nikanguruma, "Ja! Gut! Ja, ja, gut!"

Mgeni akatoka majini, akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema kwa Kiswahili safi cha pwani. "Tumekusikia, tunahama. Lakini huyu mkalimani, mbona anatuambia ndiyo, vizuri?"

Mama mkwe akanigeukia taratibu, akacheka mpaka kibuyu kikamwagika.

"Ja," akaniambia, akanitupia kibuyu. "Kateke mengine. Gut?"