Mama Yangu na Aliyesema Ndiyo

Mimi ni mtu wa kinyongo, na nasema mapema ili usije ukashangaa mbele. Mtu akinikosea leo, mwaka kesho nitakuambia alikuwa amevaa shati la rangi gani. Mama yangu hana tabia hiyo. Ana yake, ambayo ni ngumu zaidi kuishi nayo: anauliza swali, akijibiwa anauliza lingine, na huwezi kujua ataishia wapi.

Anakaa Ikutha, kusini mwa Kitui, kwenye shamba lile lile alilotulelea. Mimi niliolewa Kasikeu, upande wa Makueni, na nafundisha shule ya msingi huko, lakini kura yangu sikuwahi kuihamisha kutoka Ikutha. Mume wangu hunitania kwamba alioa mwanamke mzima isipokuwa kidole kile cha wino.

Kitinda mimba wetu ni mwanajeshi. Siku ya usajili alikimbia miguu mitupu, akarudi nyumbani amechaguliwa, na mama akachinja jogoo. Kwa hiyo asije mtu akasema mama yangu alichukia jeshi. Alilipenda. Alimpenda zaidi mwanawe ndani ya zile sare zilizopigwa pasi, na kila alipokuja likizo alimtuma dukani hata kama hakuna kilichokuwa kimeisha, ili watu wamwone. Kisha Bunge likapitisha kwamba wanajeshi wetu wavuke mpaka kwenda vitani katika nchi jirani, na kikosi chake kikawa kati ya vilivyokwenda.

Alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Simu zenyewe zilikuwa fupi na za kawaida: mbuzi wangapi wamezaa, mvua imeshuka, mguu wa mama unaendeleaje. Halafu redio ikasema kambi moja kule imevamiwa, na Jumapili iliyofuata simu haikulia. Ya pili haikulia. Ya tatu nilikuwa nimesafiri kutoka Kasikeu ili niwe na mama, nikamkuta amekaa nje ya kanisa kwenye jiwe, simu iko kiganjani, na ibada inaendelea ndani bila yeye. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuukosa hata wimbo wa kufungia.

Jumapili ya nne ndugu yangu alipiga. Alikuwa mzima. Walikuwa wamehamishiwa mahali pasipo na mtandao, basi. Mama akamsimulia habari za mbuzi kana kwamba walizungumza jana, akanipa simu, akaingia jikoni. Nilipomfuata nilimkuta amesimama ameshika mwiko, na moto hajauwasha.

"Ni nani alimpeleka?" akaniuliza.

"Serikali, mama."

"Serikali ni nani? Jeshi alijichagulia mwenyewe, hiyo najua. Lakini kuvuka, kuna mtu alikaa kwa kiti akasema avuke."

Nikamweleza kwamba wabunge ndio walioipigia kura.

"Na huyu wetu alisema aje?"

Sikujua. Nafundisha watoto kazi za Bunge kila mwaka, nawachorea hata meza ya Spika ubaoni, na sikujua mbunge wa mama yangu alisema nini siku aliyoamua kuhusu ndugu yangu. Niliona aibu, na mimi nikiona aibu huwa nakasirika. Nikamwambia mama nitamletea jibu likiwa limeandikwa.

Likizo ilipofika nilienda mjini Kitui, nikaingia saiba, duka la kompyuta na intaneti, nikatafutiwa kumbukumbu rasmi za siku ile na kuchapishiwa. Nilizibeba kwenye mkoba hadi Ikutha bila kuzisoma, kwa sababu nilitaka tuzisome pamoja. Macho ya mama yameingia mtoto wa jicho, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma, nikimtafsiria kwa Kikamba polepole. Wachache walisimama wakazungumza. Wetu hakuwa mmoja wao. Mwishoni Spika akauliza wanaokubali waseme ndiyo, wanaokataa waseme la, akasikiliza, akaamua kwamba walioitikia ndiyo ni wengi. Kisha wakaingia katika jambo lingine.

"Soma majina," mama akasema.

"Hakuna majina. Waliitikia pamoja."

Mama ndiye mwenyekiti wa mwethya wa pale kwetu, kikundi cha kazi kinachojenga bwawa la mchanga kuvuka mto wetu ambao hukauka nusu ya mwaka. Katika mwethya huo, asubuhi katibu huita majina na kila mtu hujiitikia mwenyewe, na hata uamuzi ukiwa mdogo namna gani, kila mtu huulizwa kwa jina lake na jibu lake likaandikwa kwenye daftari.

"Sisi tukibadilisha siku ya kubeba mawe kutoka Jumanne iende Alhamisi, tunaulizana mmoja mmoja," akasema. "Na hawa walikuwa wanapeleka watu."

Nikamwambia basi, mambo yameishia hapo, hatuwezi kujua. Akasema atamuuliza mwenyewe. Nilicheka, nikamuuliza ataingiaje bungeni na huo mguu.

"Siingii popote. Uchaguzi umekaribia. Atakuja tu."

Na kweli walikuja, kwa sababu hakuna mwanasiasa anayepita mbali na akina mama hamsini waliokusanyika mahali pamoja. Ila mwethya wa mama una sheria yake: mgeni hafungui mdomo kabla hajabeba mawe. Awe mhubiri, awe afisa wa kilimo, awe anataka kiti. Anabeba kutoka kwenye kilima hadi mtoni pamoja na wengine, na katibu akiridhika ndipo anapewa kikombe cha uji na nafasi ya kusema. Nimewaona watu wazito wakikubali sheria hiyo, na nikiri kwamba nimefurahia kila mmoja wao.

Wa kwanza kuja alikuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti, ambaye sasa alikuwa anagombea kiti cha eneo letu dhidi ya mbunge. Yeye pia alikuwa ndani ya Bunge siku ile. Nilimpenda tangu alipoinama. Alibeba mawe kwa kamba ya paji la uso kama mtu aliyezaliwa nayo, akaimba na wanawake, akijua wimbo hadi ubeti wa mwisho. Alipopewa nafasi, mama akainua mkono.

"Ile siku ya kura ya vita, wewe ulisema aje?"

"Mimi nilisema la, mwaitu," akajibu, akitumia neno letu la kumwita mama kwa heshima. "Tena nilisema na nguvu. Nilijua watoto wetu ndio wataenda."

Vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi wakakimbia. Mimi nilipiga cha kwangu kwa moyo wote, maana nilishampata wa kumpa kura na wa kumnyima kwa mkupuo mmoja. Mama alingoja kelele ziishe.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo ikapita, mwaitu. Walikuwa wengi. Ningefanya nini?"

Mama akamshukuru, akaketi. Jioni nilipomuuliza kama ameridhika alisema mwanamke yule anajua kubeba mawe. Mimi sikujali, nilikuwa nimeridhika kwa niaba yetu sote wawili.

Mbunge alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa amevaa gambuti mpya zilizong'aa, na jiwe la kwanza lilimponyoka likamkosa kidole kwa bahati tu. Nilitamani lisingemkosa. Alienda safari nne, akitokwa jasho na kupumua kwa mdomo, kisha akapewa uji wake. Alipoanza kusema habari ya barabara, mama akainua mkono, akamuuliza swali lile lile kwa maneno yale yale.

Wasaidizi wake wakatazamana. Mmoja alijongea kumnong'oneza kitu, mbunge akamzuia kwa mkono. Alijua vizuri kwamba majina hayakuandikwa. Angeweza kusema chochote, na hapakuwa na karatasi duniani ya kumkanusha. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumsikia akidanganya, hata nilikuwa nimekwisha kumchukia kwa uongo huo kabla hajausema.

"Nilisema ndiyo, mwaitu."

Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Na baada ya hapo?"

Aliweka kikombe chini. "Nilifikiria ni ya miezi kidogo. Niliitikia vile mtu anaitikia amina kwa maombi marefu, nikaenda kula. Baada ya hapo ikaanza kuwa mambo ya mazishi. Saa hii nikipigiwa simu niambiwe kuna gari ya jeshi inatafuta boma ya mtu huku kwetu, siulizi ni boma ya nani. Nakaa chini kwanza."

"Mwanangu ako huko," mama akasema.

Mbunge akamuuliza jina la mwanawe. Mama akamtajia. Alilirudia, akakosea, mama akamsahihisha, akalirudia tena mpaka likatoka sawa. Halafu hakurudi kwenye barabara wala maji. Aliaga tu, akaondoka.

Sikulala na maneno hayo tumboni. Niliyamwaga jioni ile ile jikoni, mama akichambua muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa. Nilimwambia kwamba mtu hawezi kumpeleka mtoto wa watu vitani kwa amina, kisha aje kusifiwa kwa sababu ameungama. Kama kila mkosaji atapewa kiti kwa kusema kweli, sisi tulioonewa tutakalia nini? Nilimwambia yule mwanamke alikataa, alikataa kwa nguvu, na kama kuna haki basi kura yake ingekuwa ya kwanza kuhesabiwa. Mama alichambua mpaka ungo ukaisha.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi leta maji."

Siku ya uchaguzi tulifika mapema kwenye shule ya pale kwetu, kituo chetu cha kura. Wazee walipitishwa mbele, na mimi nikapita naye kama macho yake, kwa kuwa sheria inamruhusu asiyeona vizuri kuingia na mtu wake. Nilijaza fomu, nikaapa kwamba nitaweka alama atakayoitaka yeye na kwamba nitatunza siri. Karani, kijana mwenye adabu nyingi, akasema ni afadhali nimalize yangu kwanza ili nisirudi kwenye foleni. Nikamaliza. Kwenye karatasi ya mbunge nilimpa yule mwanamke, na nikairefusha mistari miwili ya alama yangu hadi pembe za kisanduku, kwa hasira. Nilitumbukiza karatasi zote sita, moja kwa kila kiti, nikapakwa wino, nikamfuata mama.

Tulisimama pamoja nyuma ya kizuizi cha kadibodi cha kupigia kura. Alinitajia wa urais, nikaweka alama. Akanitajia wa gavana na wengine, kwa sauti ya chini kabisa, kama inavyotakiwa. Tulipofika kwenye karatasi ya mbunge nilimsomea majina na kumwonyesha picha, ingawa najua haoni picha. Nikangoja. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na kisanduku cha yule mwanamke kilikuwa chini tu ya kile cha mbunge. Nataka niseme ukweli: nilifikiria kumwekea alama yule mwanamke hata kama mama angetaja mwingine. Kwa muda wa pumzi moja nililifikiria.

Mama aliinua sauti. Aliongea kwa sauti ile anayoitumia kuwaita watu kutoka upande wa pili wa mto, na chumba kizima kikatugeukia, makarani, mawakala wa vyama, hata polisi aliyekuwa mlangoni.

"Mpe yule alisema ndiyo."

"Mwaitu," karani akasema kutoka kwenye meza yake, kwa upole, "kura ni siri."

"Si siri yangu," mama akamjibu bila kugeuka. "Wacha kila mtu ajue mimi nimesema, na nimesema peke yangu."

Nikamnong'oneza, karibu nilie, "Mama, ndiye aliyempeleka."

"Najua. Ndiyo maana ninampa. Yule mwingine alikataa, akamaliza, hana kitu changu. Huyu ana mtoto wangu, na anajua anaye. Nikimtoa hapo nitamdai nani anirudishie?"

Katika maisha yangu nimesikia mahubiri mengi na nimekaa kwenye semina za walimu ambazo hazina idadi, na sijawahi kuona mtu akisimama wima namna ile, na mguu mbovu, ndani ya kadibodi. Nilimwonea fahari. Nikaweka alama katikati ya kisanduku cha mbunge, ndogo, safi, nikahakikisha haijagusa mstari. Mama akaishika karatasi mwenyewe, akapapasa tundu la sanduku kwa vidole, akaitumbukiza juu ya yangu.