Nyungu ya Mama Masika na Gunia la Matambara

Kuna watu hapa Butembo ambao mpaka leo wakiniona nimebeba kasha wananiuliza kama mama mkwe ameshalikagua, na mimi nacheka nao, maana nifanye nini, aibu ikishazeeka unaizoea tu kama jirani mwenye kelele. Lakini siku yenyewe sikucheka. Siku yenyewe niliomba ardhi ipasuke inimeze, mimi na nyundo yangu.

Ilikuwa miaka ya vita, ile miaka ambayo unalala chini ya komanda huyu na kuamka chini ya komanda yule. Masika, dada mkubwa wa mke wangu Kahindo, alikuwa Ubelgiji anajiandaa kuolewa, akaandika barua kwamba haombi zawadi yoyote ila nyungu ya mama yake, ile nyeusi ya udongo ya kupikia maharagi (eti sufuria za Ulaya zinayaua maharagi mara ya pili), na unga wa muhogo kidogo wa kumkumbusha nyumbani. Basi kukahitajika kasha kubwa, imara, la kufika Ubelgiji bila nyungu kupata hata mkwaruzo, na seremala wa familia ni mimi.

Sasa mjue jambo moja. Mama mkwe, ambaye wote tulimwita Mama Masika, alikuwa hajawahi kunikabidhi kitu chochote tangu nimwoe binti yake, hata yai moja nilipeleke kwa jirani (wiki ya kwanza ya ndoa nilikalia kikapu chake cha mayai, sikukiona, nilikuwa naona haya nikaangalia juu). Na kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani, mnasalimiana kwa mbali, macho chini. Kwa hiyo siku aliponiita niliona kabisa Mungu amenipa nafasi ya kusafisha jina langu.

“Bwana mukwe,” akaniambia huku anaangalia ukuta, “ile nyungu ni mama yangu aliniachiaka. Ikipasuka, hapana rudia tena ku nyumba yangu.”

“Mama, itafika muzima,” nikajibu. “Minakuahidi.”

Nikatengeneza kasha la mbao za mkaratusi, nikalipiga misumari mirefu na kuikunja ncha, halafu nikaandaa mikanda ya chuma ya kulizungushia, yaani kasha la kuzuia risasi. Siri ya kufunga kasha, nilikuwa nikiwaambia majirani waliokuja kuangalia (walikuja wengi, na mimi niliongea sana), ni kwamba kitu kisicheze ndani. Nyungu katikati, vifuko vya unga pembeni, na kila nafasi inajazwa majani makavu ya migomba. Ila siku ya safari nikakuta mvua imeyalowesha majani yote, na majani mabichi yanaozesha unga, na dereva wa pikapu yuko nje anapiga honi, maana ndege ya mizigo ya kule Beni ilikuwa inakuja ikitaka, na ikiondoka hakuna anayejua kama itarudi. Kahindo yuko sokoni. Mama Masika yuko kanisani na kwaya yake. Nikatikisa kasha, nyungu ikajibu: ndu, ndu.

Ndipo nikaona gunia nyuma ya kuni, jikoni kwa mama mkwe. Gunia la mahindi, limejaa masizi, linanuka vitunguu, na ndani kuna vibunda vidogo vidogo vya matambara, vimefungwa vizuri kabisa kwa saizi ya nafasi zangu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikavisindilia vyote, nikatikisa, kimya. Nikagongelea kifuniko, nikavaa koti langu la harusi (mtu anayepeleka mzigo Ulaya haendi na shati tupu), nikapanda juu ya kasha langu na safari ikaanza.

Huko Beni, uwanjani, askari mmoja wa miwani myeusi akanionyesha kasha kwa kidole.

“Papa, fungula.”

“Chef, mu ndani iko tu nyungu, bunga na chiffon ya zamani, matambara tu. Minaapa mbele ya Mungu.”

“Mungu hapana kontrola hapa. Fungula.”

Na hapo sifa zangu zikaanza kunigeuka. Ile misumari niliyoikunja kwa majivuno ilikataa kutoka, nikatoa jasho, nikavunja mpini wa nyundo, watu wote waliokuwa wanangojea ndege wakaja kunizunguka, wafanyabiashara wa Mbau, akina mama wa Mutwanga na mafurushi yao, kila mmoja ana ushauri wake. Kifuniko kilipotoka, askari akachukua kibunda, akafungua kitambaa kibovu cha juu, akavuta. Kikatoka kikwembe kipya, kitenge cha kujifunga, kinang'aa, bado kina karatasi ya dukani.

“Tala, ona! Chiffon ya siku hizi iko na etikete?” Akavuta cha pili, cha tatu. “Papa, uliiba hii bintu wapi?”

Mara nikasikia pikipiki, na nyuma ya dereva, kilemba kimelala upande, vumbi mpaka kwenye nyusi, ameketi Mama Masika, ambaye maisha yake yote alikuwa anasema pikipiki ni chombo cha shetani.

Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa. Askari walipoingia nyumba za watu walichukua vikwembe vizuri na kuacha matambara, kwa hiyo wanawake wa mtaa wetu walifunga vikwembe vyao ndani ya matambara, wakavitupa jikoni kwenye masizi. Mtaa mzima ulijua, isipokuwa waume na wakwe, maana wanaume, walisema, wakipigwa kofi moja wanasema yote. Siku ile Mama Masika alikuwa ametoka kanisani mara moja kuchukua kikwembe cha kwaya, akakuta nyuma ya kuni hakuna kitu, na kasha nalo limeondoka.

“Hiyo ni bikwembe yangu!” akapaza sauti.

“Mama, kila mutu anaweza sema ni yake. Mu hii kibunda iko nini? Sema mbele nifungule.”

“Ya kijani. Ya ubatizo ya Masika.” Ikatoka ya kijani. “Hiyo ingine ya bleu, ya chorale.” Ikatoka ya bleu. “Ile ya maua, bwana yangu aliniletea toka Kasindi, mbele afe.” Ikatoka ya maua, na watu wakaanza kupiga makofi.

“Na hii kubwa?”

Mama Masika akakaza kilemba chake. Halafu akasema polepole, “Ile... mukwe yangu ageuke kwanza.”

“Papa, geuka!” Nikageuka, nikajifunika uso kwa mikono yote miwili. Sijui kilitoka nini na sitaki kujua. Nilisikia tu mama mmoja akisema, “Yesu wangu, ile inatosha kufunika pikipiki na dereva,” na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, hata askari.

Alituachia kila kitu, akifuta machozi chini ya miwani. Lakini mtu wa ndege akapiga kelele kwamba wanafunga mlango, na nyungu ilikuwa imebaki uchi ndani ya kasha. Sikufikiri. Nikavua koti nikalisindilia, nikavua shati, nikavua soksi (suruali ilibaki kwa heshima ya mama mkwe), na bado nikitikisa, ndu. Mama Masika alikuwa amesimama na vikwembe vyake mikononi. Akakitazama kile cha maua muda mrefu, kisha akainama akaizungushia nyungu mwenyewe.

“Baba yake hapana fika ku ndoa,” akasema. “Hii itafika.”

Nilitikisa. Kimya. Nilitaka kulia, nami nikalia kidogo, nikigongelea misumari kwa jiwe.

Kurudi, mvua ikatukuta njiani, na baridi ya Butembo mnaijua. Mama mkwe, bila kunitazama, akanirushia kikwembe cha kwaya. Basi nikaingia mjini juu ya pikapu, kifua wazi, nimejifunika sare ya akina mama wa kwaya, na wenyewe wanatoka kanisani. Waliniimbia mpaka nyumbani.

Miezi ilipita, ikaja barua na picha. Nyungu ilifika nzima. Masika amejifunga kikwembe cha maua, na bwana harusi, Mbelgiji mrefu, amevaa koti langu, mikono inamfika kwenye viwiko, anashukuru sana kwa zawadi. Mimi nilihudhuria kanisa mwaka mzima bila koti.

Tangu hapo niliapa: gunia lililo jikoni kwa mwanamke siligusi, hata likiandikwa jina langu. Na jioni ile ya picha Mama Masika aliniita, akanipa kikapu cha mayai nikipeleke kwa jirani. Nilikipokea kwa mikono miwili, macho chini.

“Bwana mukwe,” akasema huku anaangalia ukuta, “beba tu. Hapana funga.”