Meno ya Shafti ya Baba Mkwe

Mtaa mzima unamwita mke wangu Mama Tupa, na jina hilo halimuudhi hata kidogo. Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko dirishani, jiriwa lake la kubania vyuma liko mlangoni, na katikati tumechora mstari wa chaki ili oili yake isije ikatembelea vitambaa vya wateja wangu. Yeye hutengeneza mashine za boti, zile kuukuu ambazo wenye viwanda wameshazisahau. Tumegombana sana kuhusu mstari ule. Lakini akishika tupa kusugua chuma, mimi huacha kushona nikamtazama, na sioni haya kusema.

Safari hii mashine ilikuwa ya baba yake. Baba mkwe huvusha watu kwenda ng'ambo, na mashine yake ina umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Asubuhi moja iliwaka, ikanguruma vizuri tu, lakini propela haikuzunguka na boti haikusogea. Mashemeji zangu wawili wakaileta mabegani, mzee akiwa nyuma yao, wakaibwaga sakafuni upande wangu wa chaki.

"Dada, iangalie tu kwa kuturidhisha," akasema mkubwa wao. "Ikishindikana, baba anapumzika nyumbani. Tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana na nani?" mzee akauliza.

Mzee ni mzima, macho yake yanaona mbali kuliko yangu, na kumtoa kwenye maji ni kumzika akiwa hai. Vipuri vya mashine ile havipatikani tena popote. Mke wangu akasema atajaribu.

Walipoondoka, aliifungua. Chini ya krenki, ile inayozungushwa na moto wa petroli, kuna tundu lenye meno kwa ndani. Shafti, fimbo ndefu ya chuma inayoshuka hadi kwenye propela, ina meno kichwani, nayo huingia tunduni humo, meno yakashikana na meno. Ya shafti hii yalikuwa yameisha kabisa. Kichwa kilikuwa laini kama kidole gumba.

"Na ya krenki?" nikauliza.

"Weka kidole."

Nikaweka. Mdomoni mwa tundu palikuwa pamelika vilevile. Nikashika tama. Yeye akachukua waya, akachokonoa tundu kwa muda, akatoa kibonge cheusi kigumu, grisi iliyogandamana na unga wa chuma.

"Weka tena. Ingiza mpaka mwisho."

Kule ndani kabisa meno yalikuwepo. Makali, mazima, kama yalivyotoka kiwandani. Nywele zilinisimama, jamani. Miaka yote ile hayakuwa yameguswa na kitu.

"Shafti haikuwahi kufika huku," akasema. "Grisi iliizuia, ikawa inashika kwa ncha tu. Grisi hupakwa ubavuni mwa meno, kidogo. Juu ya kichwa, pale nchani, pawe pakavu." Akakaa kwenye ndoo. "Baba huijaza kichwani. Tangu nikiwa mtoto namwona. Anasema, acha ishibe."

Hapo nikaelewa kwa nini uso umemshuka. Asipomwambia mzee, meno mapya yatalika kama ya kwanza. Akimwambia, na wale wawili wakasikia, watakuwa wamepata sababu waliyokuwa wakiitafuta.

Kwanza kazi. Krenki hakuitia moto, maana ikipinda ndiyo basi. Alichomelea chuma kipya kwenye kichwa cha shafti mpaka kikavimba, akakipunguza kikawa duara, kisha akaanza kuchonga meno kwa tupa nyembamba, moja moja, kwa mkono. Anapaka masizi ya mshumaa, anaingiza tunduni, anachomoa, anatazama masizi yamefutika wapi, anakwangua hapo tu. Mimi nimekata suti za maharusi bila kutetemeka, lakini pale nilikuwa nashika pumzi. Mwisho akaipasha ikawa nyekundu, akaizamisha kwenye oili ili ikomae. Alipoiingiza mara ya mwisho, shafti iliteleza, ikapanda, ikatulia ndani bila kusukumwa. Nilitaka kupiga makofi. Nilipiga, kwa kweli, akaniambia niache utoto.

Siku ya kuifunga mashine, mashemeji walikuwa majini wakitoa maji botini. Mzee aliingia peke yake. Mke wangu akampa kopo la grisi na brashi.

"Paka wewe, baba."

Mzee akachota ya kutosha, akaielekeza kichwani mwa shafti. Mke wangu akamshika kifundo cha mkono. Akamwekea kile kibonge cheusi kiganjani, kisha akamwonyesha kichwa cha shafti na tundu la krenki. Mzee alikigeuzageuza kile kibonge, akatazama tundu, akamtazama binti yake.

"Ni mimi?"

"Ni wewe, baba."

Nilitamani kuwa mahali pengine popote. Mzee akafuta kichwa cha shafti kwa shati lake mwenyewe, taratibu, mpaka kikang'aa. Kisha akapaka ubavuni, kidogo sana.

Tulipoishusha majini, shemeji mkubwa akauliza kilichokuwa kimeharibika. Mke wangu akainamisha kichwa. Mzee ndiye aliyejibu.

"Mimi ndiye niliyeyamaliza meno yake. Nimeishindilia grisi maisha yangu yote. Dada yenu ameniambia, nami nimesikia."

"Sasa si ndiyo maana tunasema, baba..."

"Nimesikia, nimesema. Mtu akiambiwa akasikia, bado anafaa kazini. Ingieni botini."

Akavuta kamba. Mashine ikanguruma, propela ikauma maji, na boti ikaruka mbele kwa nguvu hata mashemeji zangu wakaanguka chali. Mke wangu alijiziba mdomo kwa mikono yake ya oili, akalia wazi wazi. Mzee aliwavusha hadi ng'ambo, wanawe wa kiume wote wawili, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na safari siku ile.